Sinia Lililorudi Tupu

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 1986. Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri kwa muda wa nusu saa, ikakatika ghafla. Kufikia saa tatu jua lilikuwa kali, hakuna upepo, na matope ya mtaa wetu wa Majengo, Malindi, yalikuwa yanafuka mvuke.

Saa tatu hiyo Priscilla Kadii alirudi kutoka Kaloleni, alikokuwa tangu Ijumaa kwenye matanga ya shangazi yake. Alikuwa na kikapu kichwani na dumu la tembo la mnazi mkononi. Mlangoni pake alikuta sinia lake limeegemezwa ukutani, lile jeupe lenye maua mekundu pembeni. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu likang'aa. Halikuwa na kitu juu yake.

Alitua kikapu. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu, ng'ambo ya kichochoro, nikamwona akiligeuza sinia upande wa pili, kana kwamba huenda kitu kimejificha huko.

"Karani," aliniita, "nani ameleta sinia hili?"

"Mpwa wa Bi Mwanamkuu. Leo asubuhi, mvua ilipokatika tu."

"Na hakusema neno?"

"Aliliweka akaenda."

Huku kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi kwenye bakuli, bakuli litarudi na ndimu tatu, au konzi ya mchele, au hata chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Bi Mwanamkuu, mama mtu mzima mwenye nyumba ya mawe mwisho wa kichochoro chetu, alikuwa ameishika desturi hiyo na Kadii kwa zaidi ya miaka mitatu. Sinia lile lilikwenda kwake na vitamu vya Kadii, likarudi na maembe, na kaimati wakati wa Ramadhani, na mara moja na kipande cha udi ndani ya karatasi. Sinia likirudi tupu, tena limesuguliwa, maana yake inajulikana. Mwenye nyumba amekwambia usilete tena.

"Nimemkosea nini?" Kadii alisema, lakini hakuwa akiniuliza mimi.

Mimi nilijua. Mtaa mzima ulijua tangu jana yake jioni. Hapakuwa na mtu mwingine asiyejua isipokuwa yeye, na yeye ndiye aliyekuwa ameshahukumiwa. Nimeamua kuyaandika mambo haya kwa taratibu yalivyokuwa, maana nimechoka kuyasikia yakisimuliwa ovyo na watu ambao hata hawajavionja vitamu hivyo.

Kadii alizaliwa Kizurini, upande wa Kaloleni, binti wa mgema. Kabla hajajua kusoma alijua kwa pua tu mnazi wa asubuhi ulio mtamu, wa jioni ulio mkali, na uliolala ambao haufai tena ila kugeuka siki. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Akaolewa Malindi na fundi mwashi, Kahindi, ambaye alifariki mwaka 1973 na kumwachia binti mmoja na chumba cha kupanga. Mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni kwa mama mmoja wa Kitaliano aliyekuwa na nyumba karibu na ufuo. Sote tulimwita Sinyora.

Sinyora alitoka kisiwa cha kusini mwa nchi yao, na kila sikukuu alipika kitamu kimoja cha huko. Unga hukandwa kwa divai, husukumwa ukawa mwembamba kama karatasi, hukatwa vipande na kuzungushwa kwenye vijiti vya tete, kisha hukaangwa. Ukichomoa tete, linabaki ganda tupu la mviringo, jekundu, lenye malengelenge, na ukiliuma linavunjika kwa mlio. Ndani hujazwa jibini laini ya sukari. Kadii aliniambia kuwa siri yote iko kwenye divai. Bila divai ganda linakuwa gumu na bapa, kama chapati iliyosahauliwa.

Pasaka ya mwaka 1977 wageni wa Sinyora walikuwa njiani, na chupa ya divai ilikuwa imeanguka ikapasuka. Sinyora aliketi jikoni akilia. Kadii alitoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na kikombe cha mnazi wa asubuhi, akakandia unga bila kuuliza mtu. Maganda yalitoka na malengelenge ambayo Sinyora mwenyewe alikuwa hajawahi kuyaona. Mezani, mzee mmoja mgeni alisifu sana, akauliza divai ile ni ya mwaka gani. Sinyora, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa, alimjibu, "Ya leo asubuhi." Wakacheka wakidhani ni mzaha.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikununua tena divai ya kukandia. Mwaka baada ya mwaka Kadii akaendelea kugusa hapa na pale. Jibini aliitengeneza kwa maziwa ya Mariakani, akiyagandisha kwa ndimu na kuyachuja kwa kitambaa usiku kucha. Akachanganya na tui zito lililopikwa na sukari hadi likashikana. Akatia hiliki. Sinyora alikula matatu, akasema huko kwao wangempiga mawe, akala la nne.

Mwaka 1982 Sinyora alifunga nyumba akarudi kwao. Alimpa Kadii mti wa kusukumia, mafungu ya tete, na uma mmoja wa meno matatu. Alitaka kumpa na sufuria kubwa ya kukaangia. Kadii aliikataa, na sababu yake nitaieleza, kwa kuwa inamwonyesha mtu huyu alivyo. Sufuria ile ilikuwa imekaangiwa mafuta ya nguruwe kwa miaka minane. Kadii ni Mkristo, hakatazwi. Lakini alijua angekwenda kuishi na kuuza Majengo, kwa majirani Waislamu, kwa hiyo alinunua karai jipya kwa akiba yake.

Vitamu vyake watu waliviita filimbi, kwa umbo lake. Sahani ya kwanza kabisa aliipeleka kwa Bi Mwanamkuu, mapema mwaka 1983, akapiga hodi na kuamkia.

"Shikamoo, Bi. Nimekuletea uonje."

"Marahaba. Kimekandwa kwa nini?"

"Unga, samli, yai, na mnazi."

"Basi rudi nacho, mwanangu. Na umefanya vyema kuniambia."

Kadii akarudi nacho. Hata hivyo Bi Mwanamkuu alimfuata hadi mlangoni akamtilia ndimu tano mkononi.

Kwa majuma mengi baada ya hapo Kadii alikuwa akijaribu. Alijua siki. Mnazi ukiachwa kwenye mtungi bila kuguswa hugeuka wenyewe, na ndiyo siki ambayo kila nyumba ya Malindi hutia kwenye achari, ya Mwislamu na ya asiyekuwa Mwislamu. Akakandia siki. Mara ya kwanza ganda lilikuwa chungu, mara ya pili lilikatika. Alipoongeza kiini cha yai na kuuacha unga ulale nusu siku, ukatii. Malengelenge yalikuwa madogo kuliko ya mnazi, na ganda lililainika mapema zaidi, lakini mlio ulikuwepo. Bi Mwanamkuu alituma swali kwa Mwalimu wa chuo cha Kurani, na jibu likaja kwamba siki iliyogeuka yenyewe haina neno. Akauliza pia habari ya sufuria ya Mzungu. Kadii akamwambia aliikataa. Siku hiyo ndiyo sinia la maua mekundu lilianza safari zake.

Basi Kadii akawa na aina mbili za unga. Ya siki ilikuwa na bakuli lake, tete zake na karai lake. Ya mnazi ilikuwa na vyake. Makarai mawili, kwa mwanamke mwenye chumba kimoja! Na ili mtu yeyote ajue bila kuuliza, ganda la siki alilibana kwenye mshono kwa ule uma wa Sinyora, ikabaki mikato mitatu. La mnazi aliliacha laini. Kila mnunuzi mpya alionyeshwa kabla hajapewa. Nimemwona akifanya hivyo zaidi ya mara mia, hadi wanawake wa mtaa wakawa wanamtania, "Kadii, tumesikia, tumesikia, mahubiri yametosha!"

Mwezi wa nne mwaka 1985 alikuja Kambi, mwenye mkahawa wa pembeni mwa soko. Filimbi ikijazwa mapema hulainika, kwa hiyo Kambi alitaka maganda matupu, na bakuli la jibini kando, awe akijaza mwenyewe mteja anapoagiza. Alileta kikapu chake chenye kifuniko. Kadii akageuza ganda moja, akamwonyesha mshono.

"Dada Kadii, mimi si mtoto," alisema Kambi. "Zenye mikato za Waislamu. Zisizo na mikato zetu sisi walevi."

Watu waliokuwa hapo wakacheka. Nilikuwa mmoja wao, kwa sababu siku hiyo nilikwenda kumpelekea Kadii barua ya binti yake. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu usiku ule kwa kuwa yalinichekesha.

Sasa tazama kilichotokea.

Jumapili tarehe 2 Novemba, Kadii yuko Kaloleni kwenye matanga, Bi Mwanamkuu alipata wageni wa ghafla kutoka Lamu, na Mwalimu wa chuo akawa amealikwa pamoja nao. Akamtuma mpwa wake kwa Kambi na sinia lile la Kadii, lililokuwa bado kwake tangu Alhamisi, akanunue filimbi kumi na mbili. Kambi alikuwa amebakiwa na za mnazi tu. Za mnazi hukaa kavu siku mbili, ndiyo maana husalia. Akajaza kumi na mbili, akazipanga mshono chini, akanyunyiza sukari ya unga juu, akampa msichana.

Kwenye mkahawa alikuwapo Fondo, seremala, ambaye amekula filimbi za mnazi mwaka mzima na anayajua malengelenge yake kama anavyozijua mbao zake. Msichana alipotoka, Fondo akapiga meza.

"Lahaula! Leo wageni wa Lamu watarudi kwao wakiimba!"

Utani huo ulitoka mkahawani, ukapita sokoni, na kabla ya magharibi ulikuwa umefika kwa Bi Mwanamkuu. Mwalimu alikuwa amekula mbili. Wageni walisukutua vinywa uani, na mama mtu mzima akasimama mbele yao na aibu ambayo simtakii mtu. Alipotuma kwa Kambi kuuliza, Kambi alijibu, "Mimi nauza ninacholetewa. Muulizeni Kadii. Mimi sikuambiwa kitu."

Na watu wakaamini! Hili ndilo linalonichoma. Wanawake walewale waliomtania kwa kuhubiri mikato yake, wakasema, "Kumbe siku zote alikuwa akitunywesha." Hakuna aliyesema, tumngojee arudi tumsikie. Kambi ana mkahawa, ana kabati la kioo, wazee hunywa chai kwake. Kadii ana kibaraza. Hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Jumanne, baada ya mimi kumweleza yote, Kadii alikwenda kwa Bi Mwanamkuu. Mpwa alimwambia mlangoni, "Bibi amelala." Sauti ya bibi ilikuwa ikisikika uani ikimkaripia paka. Kadii alisimama pale kidogo, akasema, "Akiamka, msalimie," akarudi. Jumanne hiyo hakuuza hata moja. Jumatano vilevile. Mwanamke mmoja, simtaji, alipita mbele ya kibaraza akiwa ameziba pua kwa ukaya wa kichwani.

Na ni wakati gani! Mfungo sita, mwezi wa maulidi, ulikuwa unaandama. Bi Mwanamkuu husomesha maulidi nyumbani kwake kila mwaka, na miaka miwili mfululizo filimbi za mikato zilikuwa zimepita kwa wageni baada ya halua. Kadii alikuwa akikaa jikoni kwa Bi Mwanamkuu siku hiyo na wanawake wengine, akikuna nazi nao, akiimba nao zile kasida alizozishika kwa kusikia. Mtu wa Kizurini, kwenye mkeka mmoja na kina mama wa mji. Sijui kama waliozaliwa hapa wanaelewa ni miaka mingapi ya adabu inayohitajika kufika kwenye mkeka ule. Hilo ndilo Kambi alilompokonya kwa sukari ya unga.

Jumatano jioni Kadii alikuja kibarazani kwangu.

"Karani, nataka wazee wakae."

"Watakaa. Lakini Mzee Nzai ni rafiki ya Kambi."

"Na akae na rafiki yake. Mimi nataka niulize swali moja tu mbele za watu."

Wakakaa Alhamisi baada ya alasiri, kwa Mzee Nzai, mwenyekiti wa wazee wa mtaa. Walikuwepo wazee watano, Kambi, Fondo aliyeitwa kwa sababu ya mdomo wake, na wanawake upande wa mlango. Bi Mwanamkuu aliketi mbele yao ndani ya buibui, hakumtazama Kadii. Mimi, mwandishi wa wazee, nilikuwa na daftari la mikutano, kama kawaida.

Mzee Nzai alianza na Kambi, naye akarudia yaleyale, kwamba yeye ni mnunuzi tu na hakuambiwa kitu. Niliinua mkono. Nilitaka kusema kuwa nilikuwepo siku alipoambiwa, na kwamba ninayo tarehe.

"Karani, wewe andika," alisema Mzee Nzai. "Mwandishi hatoi ushahidi."

Nikashusha mkono. Niliandika.

Kadii aliweka sahani mbili chini, moja ya maganda yenye mikato na moja ya yasiyo na mikato. Akayageuza mshono juu. Wazee wakainama kutazama.

"Haya ni mapambo," alisema Kambi. "Mke wangu hubana sambusa hivihivi. Ningejuaje?"

"Kweli, ni kama mapambo," alisema Mzee Nzai.

"Ni mapambo, sawa," alisema Kadii. "Kambi, nakuuliza jambo dogo. Ramadhani iliyopita uliniagiza nini?"

"Filimbi. Ningekuagiza nini, samaki?"

Wazee wawili wakacheka. Kadii akangoja wamalize.

"Zipi?"

"Zile za... za kawaida."

"Zipi, Kambi? Ziko mbili hapo chini. Nyoosha kidole."

Kambi alizitazama sahani. Akanyoosha kidole kwenye zenye mikato.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Watu walizipenda kwa futari."

"Siku ile siki iliponipungukia nikakuletea kumi zisizo na mikato, ulifanya nini?"

Aliyejibu ni Fondo, kabla hajafikiri.

"Alizikataa! Alisema zitamfungia mkahawa. Mimi ndiye niliyezila, nyuma ya pazia, na chai ya mkandaa!" Kisha akakumbuka ni mwezi gani alikuwa akiusema, na mbele ya nani, akaziba mdomo kwa kiganja. Wanawake mlangoni waliangua kicheko.

Bi Mwanamkuu hakucheka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza.

"Kambi. Ulijua."

"Bi, za mikato zilikuwa zimekwisha," alisema Kambi. "Msichana amefika na sinia. Ningemrudisha mikono mitupu? Nawe una wageni?"

"Ungemrudisha," alisema Bi Mwanamkuu. "Kadii alikwisha kurudi kwake na sahani yake nzima, siku asiyonijua."

Hapo mtu angetegemea wazee wamgeukie Kambi. Nilikuwa nimekwisha kuandaa kalamu. Mzee Nzai alikohoa, akazungumza juu ya ujirani, na shetani, na mvua ya vuli kuchelewa mashambani. Kisha akasema Kambi amepitiwa, binadamu hupitiwa. Na kwa ajili ya amani, Kadii aache kabisa filimbi za mnazi, asiwatie watu majaribuni.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kadii aliuliza taratibu, kwa ile sauti yake isiyopanda.

"Mzee Nzai, aliyechanganya ni yeye, na wa kuacha niwe mimi?"

"Ni kwa amani, mama."

"Mnazi ndio ulionilea. Baba yangu aliupanda na kushuka, akanisomesha. Sijamficha mtu. Nilichoweza ni kuutenga, na nimeutenga kwa makarai mawili kwenye chumba kimoja. Ninyi mkahawa mmoja mmeshindwa kuutenga kwa kugeuza mkono?"

"Kadii, usiwe mkali."

"Si mkali, mzee. Nimeuliza."

Mzee Nzai akasoma dua ya kufunga, akaniambia niandike kuwa pande zote mbili zimesikilizana na kusameheana. Niliandika, na sahihi yangu iko chini yake. Ukurasa huo upo hadi leo, na ni uongo.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Bi Mwanamkuu alichelewa kuvaa viatu vyake hadi Kadii alipofika mlangoni.

"Kadii," alisema, "lile sinia lako..."

"Lilifika, Bi. Lilikuwa safi sana."

Mama mtu mzima aliinamisha macho. Kadii alimpita, akashika njia ya nyumbani na sahani zake mbili, moja juu ya nyingine. Nilimfuata kwa mbali. Nilitaka kumwambia pole, nikaona kuwa mtu aliyeambiwa ashushe mkono akashusha hana haki ya kutoa pole.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa halijafika kichochoroni mpwa wa Bi Mwanamkuu alipokuja na sahani ndogo iliyofunikwa kwa kawa. Kadii aliifunua mbele ya mlango. Zilikuwamo ndimu tano.

"Bibi asema yeye mwenyewe angekuja, magoti hayamruhusu," alisema msichana. "Na asema maulidi ni palepale. Na asema jikoni kwake hakuna mtu mwingine atakayechuja jibini."

Kadii alizimimina ndimu kwenye kibakuli chake, akaishika ile sahani tupu, akatafakari. Nadhani kwa muda mfupi alitamani kuisugua kwa majivu.

"Kaa hapo," alimwambia msichana.

Akatoa unga wa siki uliolala tangu jioni, akausukuma, akazungushia tete za siki, zile zenye alama ya kitambaa cheupe, akabana mishono kwa uma, mikato mitatu, mikato mitatu. Akakaanga nane. Akazipanga kwenye sahani ya Bi Mwanamkuu zikiwa na mshono juu, zote, bila sukari, na jibini kwenye kikombe kando.

"Mwambie azihesabu mikato mwenyewe kabla hajaonja," alisema. "Kisha umpe shikamoo yangu."

Msichana alipokwenda, Kadii akaosha mikono, akachukua karai la pili, akakaanga za mnazi, ishirini na nne, kama kila Ijumaa. Akatoa meza kibarazani. Akaweka sahani mbili, huku na huku.

Halafu akaingia ndani akatoka na kikapu cha Kambi, kile chenye kifuniko. Alikaa nacho kwenye kizingiti akakisugua kwa kumbi la nazi na maji, ndani na nje, kila ufumo, mpaka kikarudi rangi yake ya ukindu mpya. Akakianika hadi kikakauka. Saa nne, wakati mkahawa umejaa watu wa chai na Mzee Nzai yuko kwenye kiti chake cha kawaida, Kadii aliingia nacho, akakiweka juu ya meza ya Kambi, akakifunua.

Kambi alichungulia ndani. "Ziko wapi, dada?"

"Nimekuletea chombo chako," alisema Kadii, akatoka.